Maswali ya Wasomaji: Kwa nini askari wa Dybbøl walikimbia na singe?

SWALI: Mhariri, katika kitabu cha historia nimeona mchoro wa Vilhelm Rosenstand unaoonyesha Brigedi ya 8 ya Denmaki ikishambulia huko Dybbøl. Askari wanakwenda mbio, singe (visu vya ncha ya bunduki) mbele, kana kwamba hawana risasi. Kwa nini hawafyatui? Na je, walishinda?

JIBU: Walishindwa, tena vibaya. Siku yenyewe ni 18 Aprili 1864, katika vita vya Denmaki dhidi ya Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, na Austria. Mizinga ya Waprusia ilizipiga ngome za udongo za Wadenmaki huko Dybbøl tangu alfajiri, na saa nne asubuhi askari wao wakatoka mahandakini. Ngome za mbele zilianguka upesi mno. Hapo ndipo Brigedi ya 8, watu wapatao 3,000, ilipoamriwa kushambulia. Iliwarudisha Waprusia hadi karibu na kinu cha upepo cha Dybbøl, ikakwama. Karibu nusu yake waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa, lakini wenzao walipata nafasi ya kuvukia kisiwa cha Als.

Ama singe, jibu liko kwenye bunduki. Ya Mdenmaki ilishindiliwa mdomoni, kama gobore: unararua karatasi kwa meno, unamimina baruti mtutuni, unasukuma risasi kwa mdeki, unaweka fataki, ndipo ulenge. Aliye hodari alipiga mara mbili au tatu kwa dakika. Na ilimbidi asimame au apige goti, kwa kuwa kushindilia ukiwa umelala ni kazi ngumu. Mprusia alikuwa na bunduki ya Dreyse. Anafungua komeo nyuma ya mtutu, anatia risasi, anafunga. Akivuta kifyatulio, sindano inatoboa karatasi na baruti hadi kwenye kiwashio. Mara tano au zaidi kwa dakika, naye amelala kifudifudi. (Nayo ilikuwa na kero zake: sindano zilivunjika, na gesi ya moto ilivuja kwenye komeo.) Katika uwanja wazi, anayesimama kushindilia mbele ya bunduki hiyo ni shabaha tu. Afadhali kukimbia umfikie adui.

Kumbuka pia kwamba Rosenstand, aliyekuwa luteni katika vita hivyo, aliuchora mwaka 1894, miaka 30 baadaye. Hakudanganya, ila alichagua dakika ambayo brigedi bado inasonga mbele. Nusu saa baadaye mchoro ungekuwa mwingine kabisa. Mchoro wenyewe umo katika jumba la makumbusho la kasri la Frederiksborg, mjini Hillerød.