Ukitaka kuchonga hadithi, chonga pale wanapouliza "ehe, ikawaje?"

Asalaam alaykum wadau. Leo naandika kwa vijana wanaochonga, hasa nyie mnaonitumia picha za kazi zenu kwenye simu mkiuliza mbona haziendi, na jibu langu siku zote ni lile lile, mkono unao ila hadithi huna. Twiga mzuri kashachongwa na kila mtu kuanzia Mombasa mpaka Mtwara, na hapa Unguja hata twiga wenyewe hatuna yakhe. Hadithi tunazo, tena za kumwaga.

Mie nachonga watu na wanyama wa kwenye ngano. Kitu cha kwanza cha kukijua ni kwamba sanamu haijui kusema "halafu". Bibi akihadithia ana sauti, ana mikono, ana watoto wa kumuitikia, atakupeleka kati ya bahari na kukurudisha kabla chai haijapoa. Wewe una gogo moja na gogo halisogei. Sasa usijitie kuchonga hadithi nzima, tafuta pale msimulizi akinyamaza kidogo tu watoto wote wanadakia "ehe, ikawaje?" Hapo ndo pa kutia patasi.

Chukua ya Kima na Papa, kila mtu kaisikia. Kima yuko juu ya mkuyu anamtupia papa matunda, wakawa marafiki, papa akasema na wewe njoo kwetu ukatembee, kima akapanda mgongoni. Walipofika mbali papa akatoboa siri, sultani wetu anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akamjibu ungenambia mapema, sisi mioyo yetu tunaiacha mitini. Ukimpa kijana hadithi hii atakuchongea kima karudi juu ya mti anacheka, yaani mwisho kabisa, na mwisho hauna cha kuuliza. Mie namchonga mgongoni kwa papa, nchi kavu haipo, na keshaambiwa.

Kazi sasa ni kuonyesha kwamba keshaambiwa. Mdomo wazi na macho ya kutoka usitie, hiyo ni katuni. Kazi iko mikononi. Mkono mmoja umeshika pezi mpaka vifundo vya vidole vimesimama, mwengine umelala juu ya paja, umelegea, wa mtu anayetafuta maneno ya haraka lakini hataki aonekane anayatafuta. Na papa jicho lake nalishusha kidogo, kwa sababu na yeye ana haya, rafiki yake huyu. Ukiiweka mezani mtoto anauliza huyo kima kakaaje vile, na mzazi hana budi ahadithie. Basi, sanamu ishafanya kazi yake.

Nyengine ninayoipenda ni ya Masikini Hamdani na paa wake. Hii ni katika zile alizozikusanya askofu Edward Steere hapa hapa Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, kwa hiyo wanaosema ngano zetu hazikuandikwa waache. Hamdani anaanza jaani, anaparura takataka kutafuta chembe za mtama. Anaokota thumuni, ananunua paa, na yule paa ndo anamtoa kwenye dhiki zote, anamuozesha binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba ili bwana wake apate jumba. Halafu paa akaugua, na Hamdani akasema apewe uji wa felefele, yaani mtama duni. Paa akafa, akatupwa kisimani. Siku moja Hamdani anaamka yuko jaani, anaparura.

Sasa niambie, ukichonga mtu aliyeinama jaani, huyo ni wa mwanzo au wa mwisho? Mie nimemuacha hivyo hivyo, sijatia alama yoyote, na watu wanagombana kweli mbele ya sanamu, mmoja anasema bado hajampata paa, mwengine anasema ndo keshampoteza. Hadithi ikikupa sehemu ya namna hii usiiharibu kwa kuongeza kipaa pembeni.

Hadithi zenyewe uzitafute kwa wazee, si kwa watembeza watalii. Nenda kwa bi kizee jioni, usimwambie "nahojiana nawe", kaa chini sema "Paukwa!" tu. Atasema "Pakawa!" hata kama alikuwa amekasirika, na akishafika kwenye "kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa" ujue umeshapata. Ukitaka kurikodi muombe ruhusa. Na akikuhadithia tofauti na ulivyoijua wewe usimsahihishe, chukua na yake, pengine ya kwake ndo ina pozi zuri zaidi.

Kuhusu mti. Mpingo ni mzuri lakini bei yake si ya kujifunzia, na ni mgumu, na mzito mpaka unazama majini. Uzuri wake una rangi mbili, moyo mweusi na nje mweupe wa njano njano, ukiwa na akili ule weupe unauacha kwa makusudi, mfano povu la bahari pembeni ya papa. Kwa hadithi za kwetu mie napenda mfenesi. Unachongeka, una rangi ya manjano ukiwa mpya na unaiva kuwa kahawia kadri miaka inavyokwenda. Ila usichonge mbichi, utapasuka usoni, na nnakwambia utapasuka pale pale penye pua. Ukikata gogo paka nta au rangi kwenye vichwa vyake viwili, weka kivulini, subiri. Msasa anza na namba 80 mpaka 400, lakini si kila mahali, jaa la Hamdani naliacha na alama za tezo.

Kuna suala la dini, nalo tusilikimbie. Hapa kwetu watu wengi hawataki sanamu ya kiumbe ndani ya nyumba, na utaambiwa siku ya siku utatakiwa uitie roho. Mie si shekhe, sitoi fatwa. Zungumza na wazee wako na ujue msimamo wako kabla hujaanza kuuza. Lakini usidhani bila ya kiumbe huwezi kuhadithia, milango ya Mji Mkongwe imejaa maua na minyororo na watu wanaisoma mpaka leo. Kule Pujini, Pemba, kwenye magofu ya mtawala Mkama Ndume wa karne ya 15, wanahadithia kwamba alikuwa na wake wawili wasioonana, basi kisima kikatiwa ukuta katikati, mmoja anateka kwa ndoo na kamba, mwengine anashuka kwa ngazi. Chonga hicho kisima. Ukuta, kamba upande huu, ngazi upande ule, mtu hata mmoja hayumo na wivu wote umo.

Na mahali pa kuiweka kazi nako ni kuhadithia. Kama hujaenda Mkunazini kwenye soko la zamani la watumwa, nenda, nauli si kitu. Kumbukumbu ya watumwa ya Clara Sörnäs, msanii Mswidi, ya 1998, ina watu watano wa saruji na minyororo ya chuma shingoni, nao wako ndani ya shimo. Wangewekwa juu ya jiwe refu wangekuwa mashujaa. Pale inabidi uinamishe kichwa kuwatazama, na unajikuta wewe ndo umesimama alipokuwa amesimama mnunuzi.

Popobawa, yule jini anayesemwa anavamia watu usiku, mnaniomba sana, hasa wenye maduka. Sichongi. Pemba mwaka 1995 watu walilala nje kwa hofu, si mchezo, na halafu nguvu yake yote ni kwamba hakuna aliyekubaliana na mwenzake anafananaje. Ukishamtia masikio na mbawa keshakuwa popo wa kuwekea funguo.

Ukiuza, tia kikaratasi, kifupi. Andika hadithi mpaka pale ulipochonga, ukome hapo. Mteja akitaka kujua kima alijibu nini atakuuliza, na akikuuliza mvute kiti akae, maana aliyekaa kusikiliza bei haiombi ipunguzwe sana. Vipande vya mfenesi waulizeni mafundi wa milango na vitanda, mabaki yao huwa wanayauza kwa bei ya kuni.