Hesabu jozi pweke kabla hujachora

Kidato cha tano nilichora molekuli ya maji kama ufito: haidrojeni, oksijeni, haidrojeni, mstari mmoja. Nilijiambia hewa ukaa ina atomu tatu na imenyooka nyuzi 180, basi na maji yenye tatu yatakuwa hivyo hivyo. Nikala sifuri.

Siku hizi nafundisha tuisheni barazani hapa Ujiji, na kosa langu nalikuta kila muhula kwa wanaokuja wamekariri jedwali la maumbo. Jedwali liweke kando, anza na atomu ya katikati. Oksijeni ina elektroni 6 za nje. Mbili zimeshika haidrojeni. Zinabaki 4, yaani jozi mbili pweke, zisizoshika atomu yoyote. Bondi, yaani viungo vya atomu, mbili na jozi pweke mbili: jumla pande nne. Kaboni ya hewa ukaa haibakizi kitu. Bondi zake ni maradufu, ila kila moja huhesabiwa upande mmoja, kwa hiyo pande ni mbili tu na, kwa kuwa elektroni husukumana, zinapeana mgongo.

Pande nne zinakaaje? Nenda soko la Mwanga ununue maputo manne. Yapulize sawasawa, yafunge mawili mawili, kisha yasokote pamoja shingoni. Yakandamize mezani yalale kama msalaba, halafu achia. Yanafyatuka: matatu yanakaa chini kama mafiga, la nne linasimama. Hiyo ndiyo methani, kaboni na haidrojeni nne, nyuzi 109.5.

Sasa mawili badilisha uweke makubwa. Yale madogo yanasogeleana. Jozi pweke ndivyo ilivyo: inavutwa na kiini kimoja tu, hivyo hutanuka karibu na atomu ya katikati na kuzibana bondi. Wanakemia Sidgwick na Powell walishahesabu jozi mwaka 1940. Ubabe huu wa zile pweke waliuongeza wenzao Gillespie na Nyholm mwaka 1957. Amonia, nitrojeni na haidrojeni tatu, inayo moja, pembe inashuka hadi 107 hivi. Maji yanazo mbili, 104.5.

Juzi binti mmoja kaniuliza, "Kaka, zenoni yenye florini nne si kama methani?" Tukahesabu. Zenoni ina 8, nne zimetumika, jozi mbili zimebaki: pande sita. Zile pweke zinakimbiana, moja juu, moja chini, florini zinalala mraba bapa, nyuzi 90.

Ila usitegemee maputo yakupe namba kamili. Gesi ya mayai viza, salfa na haidrojeni mbili, ina jozi sawa na maji lakini pembe yake ni 92. Kwenye mtihani andika "chini ya 109.5", endelea na swali linalofuata.