Ketosi na ketoasidosi si kitu kimoja, na insulini haiachwi

Dada wa Nkuhungu, kabla ya jambo lingine lolote, mpime mdogo wako sukari sasa hivi na uipigie simu kliniki anakohudhuria, uwaeleze kwamba ameacha wanga na ameruka sindano, ili wawaambie achome insulini kiasi gani leo hii. Kama anatapika, au anahema kwa nguvu, usipige simu; mpeleke hospitali.

Umeuliza neno ketosi lina maana gani, limetoka wapi, liandikweje kwa Kiswahili, na kama mtu anayefunga Ramadhani naye huingia ketosi. Ni maswali mazuri. Lakini katikati yake umepitisha sentensi moja kana kwamba ni jambo dogo, kwamba mdogo wako ana kisukari aina ya kwanza, ameacha ugali na wali ili aingie ketosi, na tangu juzi haichomi insulini kwa sababu asiyekula wanga hana sukari ya kushushwa. Hoja hiyo naifahamu neno kwa neno. Niliiamini, nikamnyima mwanangu insulini kwa mkono wangu mwenyewe, na nusura nimzike.

Neno lenyewe halina kosa. Mkemia Mjerumani Leopold Gmelin ndiye aliyeunda jina ketoni mwaka 1848, akilitoa katika Aketon, namna ya zamani ya Wajerumani kuiita asetoni, na asetoni nayo mzizi wake ni neno la Kilatini acetum, yaani siki. Kiambishi -osis ni cha Kigiriki, nacho huonyesha hali fulani. Ketosi basi ni hali ya damu kuwa na ketoni nyingi kuliko kawaida, hutokea pia kwa mtu mzima wa afya aliyefunga au aliyeacha wanga, na si ugonjwa. Asidosi ni hali ya damu kuelemea upande wa asidi. Ukiyaunganisha unapata ketoasidosi, ambapo ketoni zimejaa hadi mwili umeshindwa kuizima asidi yake. Maneno haya mawili yanafanana masikioni, na kinachoyatenganisha katikati, yaani hiyo asidi, ndicho kinachoua.

Sasa elewa kwa nini mdogo wako hawezi kulitumia neno hilo kama anavyolitumia jirani yake anayetaka kupunguza kitambi. Wanga ukikosekana, mafuta yaliyohifadhiwa mwilini huachiliwa, yakafika kwenye ini, na ini likayageuza kuwa ketoni, yaani asetoasetati, beta-haidroksibutireti na asetoni. Mbili za kwanza ni asidi, na ubongo na misuli huzitumia kama nishati. Kwa mtu ambaye kongosho lake, kiungo kinachotengeneza insulini, ni zima, ketoni zikianza kuongezeka, insulini kidogo iliyomo kwenye damu huyazuia mafuta yasimwagike yote kwa pamoja. Insulini hiyo ni breki ya lori linaloshuka mlima Sekenke: kushuka si tatizo, ila usithubutu kushuka bila breki. Mwenye kisukari aina ya kwanza hana breki nyingine zaidi ya ile anayoichoma. Kwa hiyo anayesema kwamba kazi ya insulini ni kushusha sukari ya chakula tu, amekueleza nusu ya kazi yake na kukuficha nusu inayomweka mgonjwa hai.

Mimi sikuelezwa hiyo nusu. Niliingizwa kwenye kundi la WhatsApp la mtu anayejiita mtaalamu wa lishe, ambaye alikuwa akiuza mpango wa mlo pamoja na unga wa kuchanganya kwenye maziwa. Nilimuuliza waziwazi kwamba mwanangu anachoma insulini, je, mlo huu unamfaa? Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa utulivu wa mtu mwenye uhakika, kwamba ketosi na ketoasidosi ni jambo lilelile kwa viwango tofauti, kwamba madaktari wanawatisha watu ili waendelee kununua dawa, na kwamba mtoto asiyekula wanga akichomwa insulini atazimia kwa sukari kushuka. Hilo la mwisho lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana lilininasa: ukipunguza wanga bila kurekebisha kipimo cha insulini, sukari inaweza kushuka vibaya sana. Lakini kurekebisha kipimo ni kazi ya daktari, na kurekebisha si kuacha. Yule bwana aliyachanganya hayo mawili kwa makusudi au kwa ujinga, na kwangu mimi hakuna tofauti, kwa sababu aliyelipa ni mtoto.

Nikamwondolea ugali, nikampa mayai, nyama, karanga na mlenda, kisha nikaziacha sindano zake zikae kwenye mtungi wa maji tunaotumia kuhifadhia insulini wakati wa joto. Alianza kwa kiu na kukojoa mara kwa mara. Nikaona ni joto la Dodoma. Kisha tumbo likamuuma, akatapika. Nikaandika kundini, nikajibiwa kwamba kichefuchefu ni dalili ya mwili kuuzoea mlo mpya, nimpe maji yenye chumvi na ndimu. Nilidhani pia ni malaria, kama mzazi yeyote wa hapa angedhani, ila kipimo hakikuonyesha malaria. Na kwa kuwa hakuwa anakula chochote, nilizidi kuamini kwamba hana haja ya insulini. Hapo ndipo lilipo kosa kubwa kuliko yote, dada, na naomba ulishike hili hata ukisahau mengine: siku ambayo mgonjwa wa aina ya kwanza anaumwa, anatapika na hali chakula, ndiyo siku ambayo mwili wake unamwaga homoni zinazoyaachilia mafuta kwa kasi zaidi, na ndiyo siku ambayo kumnyima insulini ni hatari kuliko siku nyingine yoyote.

Kilichonishtua ni pumzi. Alikuwa amelala huku akihema kwa kina na kwa kasi, mbavu zikipanda na kushuka kama za mtu aliyetoka kukimbia, na nilipomwinamia nikasikia harufu tamu, kali kidogo, ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Haikuwa mfano wa harufu hiyo, ilikuwa ni yenyewe, kwa sababu asetoni inayotumika kufuta rangi ya kucha ndiyo asetoni inayotoka mapafuni. Uhemaji ule daktari Mjerumani Adolf Kussmaul aliueleza mwaka 1874 kwa wagonjwa wa kisukari waliokuwa karibu na kufa: mwili unajaribu kuitoa asidi kwa njia ya hewa. Hospitali walichovya kijiti kwenye mkojo wake, rangi ikageuka kuwa zambarau iliyokolea mbele ya macho yangu, akawekewa dripu ya maji ya chumvi, kisha insulini, wakimwangalia potasiamu kwa makini. Alipona. Nesi aliniuliza ni nani aliyeniambia niache sindano, nikashindwa kulitaja jina kwa hasira.

Kinachonikera zaidi ni kwamba jaribio alilotuuzia yule bwana lilishafanywa zamani na matokeo yake yanajulikana. Kabla ya insulini, madaktari hawakuwa na njia nyingine ya kuwarefushia maisha watoto wa aina ya kwanza ila kuwanyima wanga na karibu chakula chote. Frederick Allen wa Marekani alijulikana kwa tiba hiyo. Watoto walisogezwa mbele kwa muda, wakakonda hadi mifupa, na mwishowe wengi walikufa. Hali hiyo ilibadilika Januari 1922 huko Toronto, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alipochomwa insulini ambayo watafiti Banting na Best walikuwa wameanza kuipata mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mtu anayekuambia leo kwamba mlo bila wanga unachukua nafasi ya insulini kwa aina ya kwanza anakurudisha kabla ya 1922. Mlo wa ketoni una mahali pake halali: daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, aliupendekeza mwaka 1921 kwa wagonjwa wa kifafa, na hadi sasa hutumika kwa baadhi ya watoto ambao dawa hazijawasaidia, tena chini ya uangalizi wa wataalamu.

Usidanganywe pia na kipimo cha kidole. Mtu asiyekula wanga anaweza kuingia ketoasidosi huku sukari yake haijapanda sana, hata ikiwa chini ya 11 milimoli kwa lita, na nyumba nzima ikakaa imetulia kwa sababu namba inaonekana nzuri. Kinachotakiwa kupimwa ni ketoni. Katika damu, ketosi ya mlo kwa mtu mwenye afya kwa kawaida huwa kati ya 0.5 na 3 milimoli kwa lita. Kwa mdogo wako, 3 na kuendelea ni dharura, na hata chini ya hapo, akiwa anaumwa, kliniki ijulishwe. Vijiti vya mkojo vinasaidia pale ambapo kipimo cha damu hakipatikani, lakini vinaigusa asetoasetati na si beta-haidroksibutireti, ambayo ndiyo nyingi zaidi hali inapokuwa mbaya. Hivyo rangi hafifu kwa mgonjwa anayetapika isikufanye ulale.

Kama anataka kupunguza wanga, na aulizie kliniki, wampangie kipimo cha insulini kinachoendana na mlo huo na namna ya kujipima. Insulini ipunguzwe au iongezwe na wao, isiachwe, ale asile. Na mkifika mapokezi kwa dharura, tumieni maneno haya: ana kisukari aina ya kwanza, ameruka insulini, tunaomba apimwe ketoni. Msiseme yuko kwenye ketosi, kwa maana anayewapokea anaweza kudhani mnazungumzia mlo, akawaweka kwenye foleni.