Jibu: Mrushaji wa besiboli mwenye kiganja kimoja

Ndugu, umeuliza kama ni kweli yupo mtu aliyezaliwa na kiganja kimoja akacheza besiboli ligi kuu ya Marekani. Ni kweli kabisa. Anaitwa Jim Abbott, alizaliwa 1967 Flint, Michigan, bila kiganja cha kulia, na alikuwa mrushaji, yaani yule anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani.

Ukiuliza alidakaje mpira, hapo ndipo mimi huwa namvulia kofia. Glavu aliiegemeza kwenye ncha ya mkono wa kulia, akarusha kwa kushoto, na papo hapo kiganja hicho hicho kikaingia ndani ya glavu kabla mpira haujamrudia. Akishadaka, anaibana glavu kati ya mkono na ubavu, anachomoa mpira, anarusha tena. Yote hayo kufumba na kufumbua! Utotoni alijifua kwa kurusha mpira ukutani, peke yake.

Kwenye Olimpiki ya Seoul 1988 alikuwa mrushaji fainali yote na Marekani wakaifunga Japani 5-3. Mwaka uliofuata akaingia moja kwa moja timu ya ligi kuu, California Angels, bila kupitia ligi za chini, jambo ambalo ni nadra mno. Mwaka 1991 alishinda mechi 18.

Ila siku yake kubwa ni 4 Septemba 1993, akiwa timu ya New York Yankees: mechi nzima hakuna mpigaji wa Cleveland aliyepata hata pigo moja safi. Mwaka 1996 ulimwendea vibaya, alishinda mechi 2 na kupoteza 18. Alistaafu 1999 akiwa timu ya Milwaukee.