Baridi ya Njombe na jiko la mkaa chumbani

Dada yangu, poleni na uhamisho. Umeeleza kwamba tangu mrudi Njombe kutoka Dar es Salaam mtoto wenu wa miaka 2 anakohoa usiku, nanyi mnalala na jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya baridi ya Juni. Nakusihi mlitoe leo hii, hata kama makaa yamefunikwa na majivu, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu usingizini. Sisi tuliporudi tulimvalisha mwanetu soksi na sweta, tukamlaza katikati yetu. Akipumua kwa kasi au mbavu zikibonyea ndani, mpelekeni kituo cha afya usiku huohuo, pamoja na kadi yake ya kliniki.