Nimwandike mbwa wangu Labrador ili apite?

SWALI: Shikamoo Daktari. Naishi Uholanzi, huu mwaka wa saba. Mume wangu amepata kazi Copenhagen, Denmark, anaanza baada ya miezi mitatu. Tuna mbwa jike anaitwa Tunu, ana miaka minne, tulimchukua kwenye makao ya mbwa waliotelekezwa. Pasipoti yake imeandikwa kuwa ni chotara wa American Staffordshire. Ni mpole, hata paka wa jirani humfukuza kitandani kwake. Juzi rafiki yetu katuambia kwamba Denmark mbwa wa namna hii hukamatwa na kuuawa. Akatushauri twende kwa daktari wa mifugo asiyetujua, aandike pasipoti mpya kuwa ni chotara wa Labrador, maana Tunu ni mweusi. Mwingine anasema tupime vinasaba. Tushike lipi? – Mama Tunu

JIBU: Marahaba, Mama Tunu. Rafiki yenu habari kawapa ya kweli, ila ushauri wake utawaponza.

Denmark ilipitisha sheria mwaka 2010 inayokataza mbegu 13 za mbwa, pamoja na machotara wao. American Staffordshire yumo. Pitbull na Tosa walikwisha kukatazwa tangu 1991. Wengine ni Fila Brasileiro, Dogo Argentino, American Bulldog na Boerboel, kisha kuna kundi ambalo watu hawalitarajii: Kangal, Tornjak, Sarplaninac na wale mbwa wakubwa wa wachungaji wa Asia ya Kati, Caucasus na kusini mwa Urusi. Hao kazi yao ni kulala na kondoo na kufukuza mbwamwitu, lakini sheria haikuuliza kazi. Haiulizi tabia pia. Habari ya paka na kitanda, ambayo mimi imenifurahisha sana, mbele ya polisi wa kule haina uzito wowote. Waliosamehewa ni baadhi ya mbwa waliokuwa na wenyewe kabla ya tarehe 17 Machi 2010, na Tunu wakati huo hajazaliwa.

Sasa hiyo pasipoti ya pili. Tunu ana chipu chini ya ngozi, na chipu ina namba ya tarakimu 15. Namba hiyo iko kwenye karatasi za makao mlikomchukua, iko kwenye kumbukumbu za daktari wenu wa sasa, iko kwenye usajili wa Uholanzi. Daktari mpya akiandika Labrador, namba itabaki ileile. Siku mtu akiifuatilia mtakuwa na makosa mawili, mbwa aliyekatazwa na hati ya uongo, na huyo daktari atakuwa amejitafutia balaa kwa ajili yenu. Halafu hata asipofuatilia mtu, polisi hasomi pasipoti peke yake. Anamtazama mbwa: upana wa kichwa, mashavu, kifua. Akitia shaka, anaweza kuwataka ninyi wenye mbwa mthibitishe ni wa mbegu gani. Mkishindwa, mbwa anauawa.

Niongeze jambo ambalo sisi madaktari hatupendi kulisema. Lile neno lililoandikwa kwenye pasipoti ya Tunu huenda lilikuwa kisio tu. Mimi mwenyewe, miaka mingi nyuma, niliwahi kujaza hati ya mbwa wa kuokotwa huku foleni imejaa mlangoni. Nikaona kichwa kipana na manyoya mafupi, nikaandika chotara wa Staffordshire, nikaita mgonjwa anayefuata. Sekunde kumi na tano. Miezi minane baadaye mwenye mbwa akanipigia akilia: wamemzuia mpakani. Alinisihi nifute. Ningefuta kwa sababu gani, wakati sikuwa na ushahidi wa kuandika wala wa kufuta? Yule mbwa alirudishwa, akaachwa kwa dada mtu. Tangu siku ile, mbwa ambaye sijui wazazi wake naandika chotara, basi, na rangi na urefu wake.

Kwa hiyo nendeni makao yale mliyomchukua, muulize nani aliandika neno lile na kwa msingi gani. Wakiwa na hati ya mama yake, mmejua. Kama mtu alikisia, daktari wenu wa sasa, anayemjua Tunu tangu siku ya kwanza, anaweza kusahihisha rekodi kwa uaminifu. Lakini msifanye hivyo mkidhani ndiyo tiketi ya Denmark, kwa sababu uso wa Tunu hausahihishwi kwa kalamu.

Vinasaba je? Pimeni kama mnataka kujua. Ila fikirini kwanza mtafanya nini na jibu. Likisema yumo Staffordshire, mmejishtaki kwa fedha yenu wenyewe. Likisema hayumo, bado mna mbwa mwenye sura inayomsimamisha polisi.

Kama ningekuwa ninyi, ningehamia Malmö. Iko Sweden, ng'ambo ya mlango-bahari wa Öresund, na tangu mwaka 2000 kuna daraja. Watu wengi hulala Malmö na kufanya kazi Copenhagen, wanakwenda na kurudi kwa treni kila siku. Sweden haina orodha ya mbegu zilizokatazwa. Humbana mwenye mbwa kwa namna anavyomtunza na kumdhibiti, jambo ambalo mimi naliona la busara zaidi. (Uholanzi yenyewe ilikuwa na sheria yake ya pitbull tangu 1993, ikaifuta 2008 baada ya kuonekana kwamba haikupunguza watu kuumwa.) Mume atavuka daraja, Tunu havuki, hata kwa matembezi ya Jumapili. Norway nako msimpeleke, wanamkataza pia.

Njia ya kufika ni hii: gari hadi kaskazini mwa Ujerumani, kisha feri ya Travemünde au Rostock kwenda Trelleborg. Msikatize Denmark eti ramani inaonyesha ni karibu. Ujerumani nayo ina sheria ya 2001 inayozuia kuingiza pitbull, American Staffordshire, Staffordshire Bullterrier, Bullterrier na machotara wao, lakini mgeni asiyekaa zaidi ya wiki 4 ana nafuu, mradi hati ziwe mkononi. Kila jimbo lina kanuni zake, kwa hiyo mvisheni kifunga mdomo na mumshike kwa kamba kila mnaposhuka. Mzoesheni hicho kifunga mdomo kuanzia leo, dakika chache kila siku, mkimlisha kitu kitamu kupitia humo; si kumvika kwa mara ya kwanza kituo cha mafuta saa tisa usiku. Hakikisheni chanjo ya kichaa cha mbwa haijaisha muda. Ikiwa imekatika, ile mpya huhesabiwa kama ya kwanza na mtangoja siku 21. Mkishuka Trelleborg pitieni forodha mtaje kwamba mna mbwa, kisha mmsajili Sweden.

Na nyumba ikikosekana Malmö? Mtafutieni Tunu mtu wa kukaa naye huko huko Uholanzi, mtu anayemjua. Najua si jibu ulilolitaka, mama.

SWALI: Daktari, tunatoka Ufaransa kuhamia Uingereza na bulldog wetu wa Kiingereza. Jirani anasema bulldog wamepigwa marufuku kule. Ni kweli? – Baba Zawadi

JIBU: Jirani kachanganya majina. Anayekatazwa ni XL Bully, mbwa mwingine mkubwa mwenye misuli: England na Wales, tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa kuwa naye bila cheti maalumu, na wenye kumkagua hupima hata urefu, dume kuanzia sentimita 51 begani. Wakongwe wa orodha hiyo, tangu 1991, ni pitbull, Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Bulldog wako hayumo.

Mpeleke kwa gari. Mashirika mengi ya ndege hukataa mbwa wenye pua fupi, nao wana haki, maana wakipata joto na hofu hushindwa kupumua. Na usisahau dawa ya tegu: daktari ampe kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuingia Uingereza, na aandike kwenye pasipoti tarehe pamoja na saa.