Soma namba ya tairi kwanza, ndipo utoe pesa

Kinga yangu ya kwanza ya mbio, ndivyo tunavyoita baiskeli huku, niliinunua kwa macho. Ilikuwa imeegemezwa ukutani karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, nyekundu, fremu ya chuma chembamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, mtumba kutoka Ubelgiji. Muuzaji alitaka dola 120, tukaelewana 95. Sikuuliza hata swali moja la maana. Wiki tatu baadaye nilikuwa nimekaa pembeni mwa barabara ya Kipushi, goti linatoka damu, natazama wenzangu wanavyopotelea kwenye vumbi la lori.

Kilichoniangusha ni milimita 8.

Hapa Lubumbashi ukienda kununua tairi la kinga kubwa unasema "nipe 28", na muuzaji anakupa 28. Shida ni kwamba jina hilo moja linabeba vitu tofauti. Kinga za mizigo, zile nzito za aina ya Phoenix, zinavaa 28 x 1½, na kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu ni milimita 635. Kinga za mbio za siku hizi, zinazoandikwa 700C, zina 622. Katikati yake kuna kinga za mbio za zamani, nyingi ni za miaka ya 1970 na 1980, zilizokuwa na gurudumu la inchi 27, nazo ni 630. Ukizipanga zote ukutani, jicho halikuambii lolote. Rimu zangu zilikuwa 622; mbele nilikuwa nimevalishwa tairi la 630. Upepo ukiwa mdogo lilitulia. Mimi nikataka liwe gumu kama jiwe, maana ndivyo nilivyoamini mbio zinavyotaka, nikajaza upepo mpaka kipimo cha bar 6. Jua likapanda, lami ikapata moto, na karibu na kilomita ya ishirini tairi likapanda juu ya ukingo wa rimu, mpira wa ndani ukatokeza kama kidonda kilichovimba, ukapasuka kwa mlio uliowafanya akina mama wa pembeni walale chini.

Kwa hiyo kabla ya rangi, kabla ya gia, kabla ya kuinua kinga kwa kidole kupima wepesi wake, lowesha kidole, futa vumbi ubavuni mwa tairi, usome maandishi madogo. Utakuta 25-622, au 32-630, au 40-635. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ndiyo inayokuhusu. Kisha tafuta namba kwenye rimu yenyewe, kwa sababu tairi linaweza kudanganya kama langu lilivyonidanganya. Kinga ya 630 si mbaya, ila matairi yake utayatafuta mpaka uchoke. Ukiipenda sana, weka magurudumu ya 622, lakini kwanza hakikisha raba za breki zinaweza kushushwa milimita 4 kila upande. Kama nafasi hiyo haipo, achana nayo.

Kitu cha pili ni urefu wako. Fremu kubwa kupita kiasi hairekebishiki, hata fundi awe hodari namna gani. Simama miguu mitupu ukutani, bana kitabu kati ya mapaja mpaka juu kabisa, pima kutoka sakafuni hadi mgongo wa kitabu, zidisha kwa 0.883. Jibu ndilo umbali kutoka katikati ya mhimili unaoshika mikono ya pedali, ule unaopita ndani ya fremu, hadi juu ya kiti. Mwenye sentimita 80 anapata 70.6. Anzia hapo, upande au ushuke kidogo kidogo, milimita 3 kwa wiki. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini. Likiuma kwa nyuma, kiko juu.

Sasa magurudumu, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu niliyofundishwa sikuyapata kwa mtu wa mbio. Niliyapata kwa muuza makala, yaani makaa ya kupikia.

Mnawajua. Wanatoka porini kabla ya mapambazuko, magunia ya makala yamepangwa nyuma mpaka yanampita mtu kichwa, na mlimani wanasukuma kwa miguu. Kinga zao wamezitengeneza upya: keria ya chuma cha kujengea nyumba, fremu imeongezwa mhimili wa pili, fimbo imefungwa kwenye usukani ili mtu aongoze akitembea kandoni. Baba mmoja alinikuta barabarani nimepindua kinga, rimu inachezacheza, nimeshika ufunguo nazungusha bila mpango. Akaegemeza mzigo wake kwenye mti, akaniuliza natafuta nini. Kisha akachukua spoku mbili zinazokaribiana, akazibana kwa vidole, akaachia. Akagonga nyingine kwa kucha.

"Sikiliza, mwanangu. Hii inalia. Ile imenyamaza. Ile iliyonyamaza ndiyo inakuua."

Aliuzunguka upande mzima wa gurudumu la nyuma kwa kucha yake nyeusi ya makala, na kweli, spoku nne zilikuwa na sauti ya kamba iliyolegea. Alizikaza robo mzunguko, akagonga tena, robo nyingine, akagonga. Hakuigusa hata moja iliyokuwa inalia sawa. Tulipomaliza rimu ilipita katikati ya breki kama maji. Tangu siku hiyo kila Jumamosi jioni nazigonga zote. Upande wa gia sauti huwa nyembamba kuliko upande wa pili, usishangae, ndivyo gurudumu la nyuma lilivyojengwa. Unachotafuta ni ile isiyofanana na jirani zake wa upande huohuo.

Ndiyo maana ninawasihi vijana wanaotaka kuibadilisha kinga: pesa ya kwanza iende kwenye magurudumu na tairi. Nimeona mtu anatoboa matundu kwenye mkono wa breki ili upungue gramu chache, huku tairi lake la mbele nyuzi zinaonekana. Tairi la upana wa milimita 28, kama fremu inalikubali, linatufaa zaidi kuliko 23 kwa mashimo yetu. Mimi nina kilo 66, najaza bar 5, na sijaona nikibaki nyuma kwa sababu hiyo. Usukani nimeuzungushia mpira wa ndani wa zamani uliokatwa vipande virefu. Haupendezi sana ila mkono wenye jasho hauponyoki.

Mnyororo una adui mmoja, vumbi letu jekundu. Oili ya injini inalikusanya na kuligeuza msasa. Wakati wa kiangazi natumia mishumaa: naiyeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si moja kwa moja juu ya mbabula, jiko letu la makala, maana inawaka. Natumbukiza mnyororo uliosafishwa ukakauka vizuri, nauacha mpaka mapovu yaishe. Mvua zikianza Novemba nta hiyo inaoshwa upesi, nami narudia oili nyepesi, tone moja kwa kila kiungo, kisha nafuta mpaka kitambaa kisichafuke. Upime kwa rula. Viungo 24 vya mnyororo mpya, kutoka pini hadi pini, ni milimita 304.8. Ukivuka 306.5, nunua mwingine, huo wa zamani usije ukala na meno ya friwili, zile gia za nyuma.

Gia zisikupe homa. Huku kwetu ni tambarare kwa sehemu kubwa. Meno 52 mbele na 14 nyuma, kila mzunguko wa pedali unakupeleka mita 7.8, ukizungusha mara 90 kwa dakika uko kilomita 42 kwa saa. Ni wachache kati yetu wanaodumu hapo peke yao.

Peke yao, nimesema. Kinachokupeleka ni kundi, na kinachoamua kundi kwetu ni upepo. Mwezi wa nane unavuma kutoka kusini-mashariki. Kwenda Kipushi, kilomita 30 hivi kuelekea kusini-magharibi, unakupiga ubavu wa kushoto, hivyo kivuli cha mwenzako, mahali anapokukinga na upepo, kiko nyuma yake upande wa kulia. Tunajipanga kimshazari, na safu inaishia ukingoni mwa lami. Nafasi ya watano au sita tu. Wa saba hana kivuli, anapambana na upepo mzima, na hapo ndipo kundi linakatika. Ukiona matawi ya miti yanainama, sogea mbele mapema, usisubiri. Kurudi mambo yanageuka: upepo uko kulia, kivuli kiko kushoto, yaani katikati ya barabara, malori yanakotokea. Hapo tumekubaliana wote: safu moja, nyuma kabisa ya gurudumu la mwenzako, hakuna kujipanga kimshazari hata kama unapoteza nafasi. Asiyekubali hatutoki naye.

Tangu Septemba 2025, mashindano ya dunia ya kinga za barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kwenye ardhi ya Afrika, vijana wananijia wengi kuliko zamani. Walimwona Tadej Pogačar wa Slovenia akishinda, wanajua kwamba Biniam Girmay wa Eritrea alivaa jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, mpaka mwisho wa Tour de France ya 2024, wanataka kinga wiki hii hii. Nafurahi sana. Mmoja alikuja juzi na picha kwenye simu, kinga ya buluu, dola 150, akaniuliza, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, "Yaya, nichukue?" Nikamwambia arudi akapige picha ya ubavu wa tairi na nyingine ya rimu. Akalalamika kwamba itauzwa. Akaenda.

Jioni picha zikafika: tairi 32-630, rimu 622. Muuzaji alikuwa ameshalijaza upepo.